3 na 2 Hazikutani: Hesabu Ndani ya Gita, Kwaya na Ngoma

Anayetaka kuelewa nadharia ya muziki aanze na gita na futikamba. Kitabu kije baadaye. Pima uzi kuanzia pale unapoachia kichwa cha gita hadi kwenye daraja lake. Magita mengi ya nyuzi za nailoni yana urefu wa mm 650, na hiyo ndiyo namba nitakayoitumia. Nusu yake ni mm 325, na hapo utaikuta freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo ya gita, na huhesabiwa kutoka kichwani). Bonyeza, piga: sauti ni ile ile ya uzi mtupu, ila iko juu kwa oktevu moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata. Ukiuita uzi mtupu do, basi ukibakiza theluthi mbili za urefu unapata so, ukibakiza robo tatu unapata fa, na ukibakiza sehemu 4 kati ya 5 unapata mi.

Kadiri uzi unavyofupishwa ndivyo unavyotetema haraka, tena kwa uwiano ule ule uliogeuzwa. Uzi wa tano wa gita (ukihesabu kutoka ule mwembamba), A, hutetema mara 110 kwa sekunde. Nusu yake hutetema mara 220, theluthi mbili mara 165. Kwa hiyo do na so ni 2 kwa 3, do na fa ni 3 kwa 4, do na mi ni 4 kwa 5. Kodi ya do, yaani do, mi na so zikipigwa pamoja, ni 4 kwa 5 kwa 6. Sikio halijui kuhesabu, lakini namba hizi ndogo linazitambua mara moja: sauti zinatulia, hazigombani.

Wanafunzi wengi huishia hapo, wakasema muziki ni hesabu safi, wakafurahi. Mimi huwaambia waendelee kupima, kwa sababu mambo yenyewe yanaanzia pale ambapo futikamba inakataa.

Pima sasa kutoka freti ya 7 hadi kwenye daraja. Theluthi mbili za 650 ni mm 433.3, lakini freti imewekwa mm 433.8 kutoka darajani. Freti ya 5 ilipaswa kuacha mm 487.5, imeacha 487. Tofauti hizo ni nusu milimita, unaweza kusema fundi aliteleza. Nenda freti ya 4, ile inayotoa mi. Sehemu 4 kati ya 5 za 650 ni mm 520, ila freti imeacha mm 515.9. Milimita 4 si kuteleza kwa mkono wa fundi. Unaweza kuthibitisha bila hata kupima: gusa uzi kwa wepesi, bila kuubonyeza, huku ukipiga kwa mkono wa kulia. Juu kabisa ya freti ya 12 unapata ile sauti ya kengele, juu ya ya 7 unaipata, juu ya ya 5 unaipata. Juu ya ya 4 inakuwa kavu. Rudisha kidole nyuma kidogo, kuelekea kichwa cha gita, takriban mm 4, na kengele inalia. Hapo ndipo ilipo moja ya tano halisi ya uzi.

Kwa nini freti haikuwekwa mahali pake? Kwa sababu 3 na 2 hazikutani. Chukua do, panda hadi so kwa kuzidisha 3/2, kisha hiyo so ifanye do mpya upande tena, na tena, mara 12. Kwenye kinanda utapita nota zote 12 na kurudi kwenye do, oktevu 7 juu. Kwa hesabu, 3/2 ikijizidisha mara 12 inatoa 129.75, wakati oktevu 7 ni 2 ikijizidisha mara 7, yaani 128. Haziko sawa, wala haziwezi kuwa sawa hata ukiendelea mara elfu: 3 ikizidishwa kwa 3 daima hutoa namba witiri, na 2 ikizidishwa kwa 2 daima hutoa namba shufwa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulithibitisha hilo kwenye daftari, nami naona ni ukweli mkubwa kuliko wote katika nadharia ya muziki.

Ziada hiyo lazima iwekwe mahali fulani. Gita na kinanda cha leo zinaigawa sawa kwa nota zote 12: kila nusu sauti, yaani hatua kutoka nota moja hadi inayoifuata kati ya hizo 12, ni mtetemo uliozidishwa kwa 1.05946, namba ambayo ikijizidisha mara 12 inatoa 2 kamili. Kwa fundi wa gita kanuni ni moja: gawanya urefu uliobaki kwa 17.817, unapata umbali wa freti inayofuata. Kwa uzi wa mm 650, freti ya kwanza inakaa mm 36.5 kutoka mwanzo wa uzi. Kisha unagawanya 613.5 kwa 17.817, na kuendelea. Hata hivyo usipime kila freti kutoka kwenye freti iliyoitangulia, maana kosa la robo milimita litabebwa hadi mwisho. Piga hesabu zote kwanza, kisha pima kila freti kutoka sehemu moja, pale mwanzo wa uzi.

Kupima tofauti hizi wanamuziki hutumia senti: nusu sauti moja ya kinanda ni senti 100, oktevu ni 1200. So safi ni senti 702, kinanda kinatoa 700, hakuna atakayelalamika. Mi safi ni senti 386, kinanda kinatoa 400. Senti 14 ni nyingi, na zinasikika.

Sasa tuone namba hizi zinavyoharibu kazi. Wapiga gita wengi hutyuni kwa kengele: kengele ya freti ya 5 ya uzi wa sita ilingane na kengele ya freti ya 7 ya uzi wa tano, kisha wa tano na wa nne, kisha wa nne na wa tatu. Uzi wa pili wanaupata kwa kengele ya freti ya 7 ya uzi wa sita, na uzi wa kwanza kwa kengele ya freti ya 5 ya uzi huo huo wa sita. Kila hatua inasikika safi kabisa. Kisha unapiga kodi ya G na gita linapiga kelele. Mpigaji analaumu nyuzi, anaanza upya, anapata yale yale.

Nyuzi hazina kosa. Kengele ya freti ya 5 ni mtetemo mara 4, ya freti ya 7 ni mara 3, kwa hiyo kila uzi unauweka 4/3 juu ya mwenzake, senti 498, wakati freti zilikatwa kwa senti 500. Ukifika uzi wa tatu umeshapoteza senti 6. Uzi wa pili nao, uliotokana na mara 3 ya uzi wa sita, umezidi senti 2. Kati ya uzi wa tatu na wa pili panapaswa kuwa na senti 400. Sasa pana karibu 408, na sikio linatamani 386. Sikiliza nyuzi hizo mbili zikiwa tupu: utasikia sauti inapanda na kushuka, wau-wau-wau, kiasi cha mara 12 kwa sekunde. Gita lililotyuniwa vizuri nalo litafanya hivyo, ila karibu mara 8 tu, na sikio limeshaizoea.

Njia isiyobeba makosa ni kuchukua kila uzi kutoka A moja. Pata A ya uzi wa tano kwa programu ya simu, au kwa uma wa sauti wa hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) ukiulinganisha na kengele ya freti ya 5 ya uzi huo. Uzi wa sita ukibonyezwa freti ya 5 ulingane na uzi wa tano mtupu. Uzi wa nne ukibonyezwa freti ya 7 ulingane na kengele ya freti ya 12 ya uzi wa tano. Uzi wa tatu ukibonyezwa freti ya 2 ulingane na kengele hiyo hiyo. Uzi wa pili ukibonyezwa freti ya 10, na wa kwanza freti ya 5, zote zilingane na kengele ya freti ya 5 ya uzi wa tano. Kengele hizo ni mara 2 na mara 4, yaani oktevu tupu, na oktevu hazina ugomvi. Kama bado gita linagoma, linganisha kengele ya freti ya 12 na sauti ya kubonyeza freti ya 12 kwenye uzi mmoja. Kubonyeza kukiwa juu, uzi ni mfupi mno au umekaa mbali na shingo hivyo unavutika ukibonyezwa; sogeza kiegemeo cha daraja nyuma, au shusha nyuzi.

Kwaya ina shida yake, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu walimu wa kwaya hulaumu waimbaji kwa jambo ambalo mara nyingine ni hesabu. Kwaya inaimba bila kinanda, inaanza vizuri, beti nne baadaye mwalimu anabonyeza do na kukuta wameshuka nusu sauti. Sababu za kawaida zipo: pumzi imechoka, nota inayorudiwa inalegea kila inaporudiwa, hatua za kushuka zinaimbwa pana na za kupanda zinaimbwa finyu. Hizo zitafute kwanza. Kipimo ni rahisi: kwaya nzima iimbe sauti ya kwanza peke yake, beti zote, kisha linganisha na kinanda. Wakishuka, tatizo ni uimbaji. Wasiposhuka wakiwa sauti moja, lakini wakashuka wakiwa sauti nne, tafuta kwenye mpangilio wa kodi.

Mahali pa kutazama kwanza ni pale ambapo besi inakwenda d – l – r – s – d, yaani do, la, re, so, do. Mpangilio huo umejaa kwenye nyimbo za ibada. Kodi ya do ina d m s, ya la ina l d m, ya re ina r f l, ya so ina s t r (t ni ti). Kwaya nzuri hushikilia nota inayojirudia katika kodi mbili zinazofuatana, na hufanya vyema. Kutoka kodi ya do kwenda ya la, wanashika do na mi. La inakaa 5/3 ya do. Kutoka kodi ya la kwenda ya re, wanaishika la ile ile, na besi anatafuta re iliyo safi chini yake: 5/3 gawanya kwa 3/2 ni 10/9. Lakini re ambayo so inaitaka ni 9/8. Tofauti ya re hizo mbili ni 81 kwa 80, senti 21 na nusu. Wakishika re ya chini na kuingia nayo kwenye kodi ya so, so nayo inashuka, na do wanayorudi kwayo imeshuka. Kama do ilikuwa hezi 262, sasa ni 259 hivi. Mzunguko ukirudi mara 5, wamepoteza zaidi ya nusu sauti, na katika safari nzima hakuna mwimbaji hata mmoja aliyeimba vibaya. Kwa kweli ni kwaya zenye masikio makali ndizo zinazoshuka hivi. Zile zilizozoea kinanda huwa hazijisikilizi kiasi hicho.

Dawa ni kumfundisha anayeimba re aifunge kwenye so. Mwimbaji mmoja ashikilie so kwa mdomo uliofungwa, wengine waimbe r mpaka so na re zitulie, pasiwe na wau-wau. Kisha waimbe kodi ya la na kuingia kodi ya re, so ile ikiendelea chinichini. Wenye la ndio watakaojisogeza juu kidogo kodi inapobadilika; waambiwe wazi kwamba nota yao inaonekana ni ile ile kwenye karatasi ya solfa, lakini kooni inapanda. Mara ya kwanza watapandisha kupita kiasi. Waache, itajirekebisha yenyewe baada ya kurudia.

Na kinanda kwenye mazoezi kitoe do na so tu. Mwalimu anayepiga kodi nzima anawazoesha mi ya senti 400, na siku ya kuimba bila kinanda kila kodi inakuwa na ukali usioelezeka.

Wapiga ngoma wana 3 na 2 yao, na ni ile ile kabisa. Mkono wa kulia upige 3 katika muda ambao wa kushoto unapiga 2. Ukiweza kuiongeza kasi mpaka kushoto kuwe mara 200 kwa sekunde na kulia mara 300, hutasikia tena mipigo; utasikia do na so. Mkono hauwezi, lakini programu ya kutengeneza muziki kwenye kompyuta inaweza, na kila mwanafunzi anapaswa kulisikia hilo walau mara moja.

Kujifunza kuipiga kunahitaji hesabu ya darasani: kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 2 ni 6. Hesabu sita kwa sauti. Kulia hupiga 1, 3, 5. Kushoto hupiga 1 na 4. Unachosikia ni: pamoja, kulia, kushoto, kulia. Kosa la kawaida ni kusawazisha mipigo hiyo minne ikawa na nafasi sawa. Nafasi zake ni 2, 1, 1, 2, na anayeacha kuhesabu sita mapema ndiye anayeipoteza. Kwa 4 dhidi ya 3 unahesabu 12: mkono mmoja 1, 4, 7, 10, mwingine 1, 5, 9.

Ukishaizoea 12, tazama kengele ya chuma inayoongoza ngoma nyingi za Afrika Magharibi, kwa mfano za Waewe wa Ghana na Togo: mipigo 7 ndani ya hesabu 12, yenye nafasi 2 2 1 2 2 2 1. Sasa hesabu nusu sauti kutoka do hadi do: 2 2 1 2 2 2 1. Ni namba zile zile, kwa mpangilio ule ule. Ukipiga makofi kwenye nafasi ambazo kengele imeziacha utapata mipigo 5, na kwenye kinanda nafasi hizo ndizo zile nota 5 nyeusi, skeli, yaani mpangilio wa nota, ya nyimbo zetu nyingi za asili. Nawasihi wanafunzi wasiharakishe kutafuta siri. Skeli na kengele zimekutana kwa sababu zote zinajibu swali moja: vitu 7 vitapangwaje ndani ya nafasi 12 visiwe vimerundikana wala visiwe sawasawa kabisa? Jibu ni moja tu, ukiacha mahali pa kuanzia. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitambua kama urithi mwaka 2021, inapenda hesabu nyingine: 3, 3, 4, 2, 4, jumla 16. Wanaoanza huzivuta zile 3 za mwanzo zikawa ndefu, na wimbo unakosa mwendo.

Msururu wa 2, 3 na 5 si mwisho. Wagogo wa Dodoma wanatumia 7. Kengele za uzi mmoja, ukizifuata kwa mpangilio, ni mara 4, 5, 6, 7, 8, 9, na skeli ya nyimbo za Kigogo, ile inayosikika kwenye ilimba (ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na kwenye sauti za waimbaji wake, inakaa karibu sana na namba hizo. Ndiyo muziki ambao marehemu Hukwe Zawose aliusambaza duniani. Ile 7 iko senti 969 juu ya do, na kinanda hakina nota hapo: kilicho karibu ni senti 1000. Ndiyo maana wimbo wa Kigogo ukipangwa kwa kinanda cha kawaida unapoa, na mpangaji anadhani kakosea nota. Hajakosea nota, kinanda ndicho hakinayo.

Vinanda vingi vya umeme vina sehemu ya kurekebisha kila nota kwa senti. Kwa do iliyo kwenye C, acha C kwenye 0, D weka +4, E weka −14, G weka +2, na B ya nusu chini, ile nyeusi, weka −31. Nota nyingine usiziguse, maana hutazihitaji. Wapigaji wa taarab wanaijua sehemu hiyo kwa kazi nyingine: mizani ya Rast, skeli ya muziki wa Kiarabu, inataka mi iliyo kati ya mi na ile nyeusi ya chini yake, nao huishusha E kwa −50 au karibu na hapo. Mwenye udi haihitaji namba hiyo, kwa kuwa udi hauna freti, na mwenye ganuni ana vishikio vidogo vya kufupisha au kurefusha uzi. Anayehitaji kuhesabu ni mwenye kinanda. Wimbo ukihamishiwa ufunguo mwingine, namba zote zihamishwe pamoja na do: do ikiwa G, ile −31 inakwenda kwenye F na −14 inakwenda kwenye B. Kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye baadhi ya vinanda huhamisha sauti na marekebisho kwa pamoja, kwenye vingine marekebisho hubaki palepale, kwa hiyo pima kwa programu ya simu kabla ya kupanda jukwaani, na ukimaliza rudisha zote kwenye 0 ili anayekifuata asikute kodi zake zimepinda.